Kampuni Ikitangaza Msaada: Mwongozo Kamili wa Kupima Dai Kabla ya Kusifu au Kushambulia Mtandaoni

Picha unaijua. Meneja kavaa kofia yenye nembo ya kampuni, mwalimu mkuu kashika ncha ya hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango, watoto wamepangwa nyuma juani. Ikifika kwenye grupu ya mtaa, iwe Nyalenda, Naivasha au Mumias, maoni yanagawanyika papo hapo. Huyu anaandika "Mungu azidi kuwabariki", yule anajibu "watulipe kwanza". Kufikia jioni hakuna anayekumbuka hundi ilikuwa ya nini.

Mwongozo huu ni wa admini wa grupu, mwanablogu wa kaunti au katibu wa kikundi cha vijana anayetaka kuandika kitu kinachosimama hata baada ya kelele kupoa. Msimamo wangu nautoa mapema: msaada wa kampuni haupimiki mpaka ujue kwanza kampuni ilikuwa inadaiwa nini. Msomi wa Marekani, Archie Carroll, mwaka 1991 alichora wajibu wa kampuni kama piramidi. Chini kabisa ni kujiendesha kwa faida, kisha kutii sheria, kisha kutenda haki hata pale sheria haikulazimishi, na hisani iko kileleni. Mwaka 2006 Wayne Visser akasema kwamba Afrika mpangilio huo hubadilika, hisani ikashuka hadi nafasi ya pili, mbele ya sheria. Pitia maoni ya grupu yoyote ya huku kwetu utaona alichomaanisha. Kampuni iliyotoa madawati husamehewa mengi.

Hatua ya 1: Livunje dai vipande vipande

Hifadhi chapisho la awali kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na jina la ukurasa, kisha nakili kiungo. Machapisho huhaririwa, hasa maoni yakichacha.

Kisha andika dai kwa maneno yako. Tuseme tangazo linasema "kampuni yaleta maji safi kwa wakazi 5,000". Hapo kuna maswali manne. Aliyetoa ni kampuni yenyewe, wakfu wake, au wafanyakazi waliochanga? Maji yameshafika, au lililofanyika ni kuweka jiwe la msingi? Nani kasema ni safi? Na hao 5,000 walihesabiwa vipi? Mara nyingi idadi kama hiyo ni ya kata nzima, wakiwemo watu wanaokaa kilomita sita kutoka kwenye mfereji.

Ukiona "imetenga", "imeahidi" au "iko mbioni", andika pembeni kwamba hakuna kilichotolewa bado. Hiyo si shutuma, ni hali ilivyo siku hiyo.

Hatua ya 2: Uliza fedha ni za nani

Hapa ndipo mijadala mingi hupotea njia, kwa hiyo tukae kidogo. Kinachoitwa msaada kinaweza kuwa kimetoka kwenye mifuko mitano tofauti, na kila mfuko unastahili hukumu yake.

Mfuko wa kwanza ni wa sheria. Chini ya Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016, mrabaha wa madini, yaani malipo ya mchimbaji kwa kile anachochimba, hugawanywa hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la machimbo. Mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa pia hutakiwa kufunga mkataba wa maendeleo na jamii, na kanuni za 2017 zinataka angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mauzo ya madini kwa mwaka iingie humo. Watu wa Ikolomani na maeneo mengine ya dhahabu Kakamega wakariri tarakimu hizi kama namba ya simu ya mama. Siku uchimbaji mkubwa utakapoanza na zahanati ikajengwa, swali la kwanza litakuwa kama hiyo zahanati ni zawadi au ni deni. Kwa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria katika Kaunti ya Nakuru, Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha kwa asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Na kwenye ukanda wa miwa kuna ushuru wa maendeleo ya sukari wa asilimia 4 ulioanza kutozwa Julai 2025, ambao sehemu yake imetengewa miundombinu. Ukiona barabara ya shambani imelimwa kule Butali au Nzoia, halafu kiwanda kinajipigia makofi, uliza greda ililipiwa na nani.

Mfuko wa pili ni wa wafanyakazi. Mashamba ya maua ya Naivasha yenye alama ya Fairtrade (biashara ya haki) hupokea malipo ya ziada kutoka kwa mnunuzi, juu ya bei ya ua. Pesa hizo huamuliwa na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi. Kwa hiyo maabara ya shule iliyojengwa kwa fungu hilo ni kazi ya wavunaji na wapakiaji, hata kama kibao ukutani kina jina la shamba peke yake. Nimeona watu wakiishukuru kampuni kwa pesa zao wenyewe, na inaudhi.

Mfuko wa tatu ni wa wafadhili wa nje. Wakfu kubwa za Kenya, zile za mabenki na za kampuni za simu, hushirikiana mara kwa mara na mashirika ya kimataifa. Si vibaya. Ila ukiandika "benki imesomesha watoto hawa", tazama kwenye ripoti ya mwaka kama kuna mfadhili mwingine aliyebeba sehemu ya mzigo.

Mfuko wa nne ni bajeti ya matangazo. Fulana, kofia, mbio za hisani, jukwaa na spika. Upime kwa swali rahisi: bidhaa ilibaki na nani baada ya spika kuzimwa?

Wa tano ndio zawadi halisi, pesa iliyotoka kwenye faida bila kulazimishwa na mtu. Hata hii ina upande wake wa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato inairuhusu kampuni kuondoa kwenye faida inayotozwa kodi mchango wa fedha uliotolewa kwa shirika la hisani linalotambuliwa, masharti yakitimizwa. Kodi ya kampuni ikiwa asilimia 30, kila shilingi milioni moja ya mchango wa namna hiyo ina takriban laki tatu ambazo zingeenda Hazina. Kwa lugha nyingine, wewe na mimi tumechangia. Sisemi kampuni isishukuriwe, nasema isishukuriwe kwa milioni nzima.

Kuna mfuko wa sita usio wa kampuni kabisa: darasa moja lenye vibao vitatu, cha NG-CDF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneo bunge), cha kaunti na cha kampuni. Hapo kamulize mhasibu wa shule nani alilipia mabati na nani alilipia rangi.

Hatua ya 3: Nenda ukaone, na ujue unaangalia nini

Usiende siku ya uzinduzi. Nenda siku ya kawaida, saa za kawaida, ikiwezekana miezi kadhaa baadaye. Jitambulishe kwa mwalimu mkuu au chifu. Ukikutana na mzee wa nyumba kumi, msalimie vizuri na umwachie aanze yeye. Wazee hawa huwa na historia yote ya mradi, tangu ugomvi wa kiwanja.

Msaada unaopendwa zaidi huku kwetu ni tenki la plastiki la lita 10,000 lenye nembo ubavuni. Usilipige picha kwanza, litazame. Je, paa lina gata, na gata zimefika kwenye tenki au zimeishia katikati? Tenki limekaa juu ya msingi wa zege au juu ya mawe yaliyopangwa? Mfereji wa chini una kufuli, na ufunguo anao nani? Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole kutoka juu ukishuka chini, utasikia sauti inapobadilika kutoka utupu hadi maji. Kisha piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Darasa lenye paa la mita za mraba 56 linahitaji karibu milimita 180 za mvua kujaza tenki hilo, na zaidi ukihesabu yanayomwagika. Shule ya watoto 400, kila mmoja akitumia lita mbili kwa siku, italimaliza kwa takriban siku kumi na mbili za masomo. Hesabu hiyo ukiiweka kwenye chapisho lako, mjadala hubadilika. Watu huacha kubishania nia ya kampuni na kuanza kuuliza tenki la pili litatoka wapi.

Kisima cha kuchimbwa kina maswali mazito zaidi, na hapa wenzangu wa Nakuru nisikilizeni. Maji ya chini ya ardhi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi katika sehemu nyingi. Ndiyo sababu ya meno ya rangi ya kahawia unayoyaona kwa watu waliokulia huko, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kinaweza kutoa maji meupe pe, matamu, na bado kikawa na floraidi maradufu ya hapo. Kwa macho na kwa ulimi huwezi kuijua. Kwa hiyo omba cheti cha maabara, chenye tarehe na jina la kisima. Kama kiwango kimepita, uliza kama kuna chujio. Nakuru yenyewe ina historia ndefu ya machujio yanayotumia mifupa ya mifugo iliyochomwa, kazi iliyoanzishwa na idara ya maji ya Jimbo Katoliki la Nakuru, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema dawa haijulikani. Uliza pia nani hubadilisha hiyo mifupa ikichoka. Kampuni iliyochimba kisima Rongai au Njoro bila kupima floraidi imetoa shimo, haijatoa maji safi.

Halafu pampu. Umeme au jua? Bili inalipwa na nani? Pampu nyingi za msaada hufa kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kununua kipuri cha shilingi elfu chache.

Miche ya miti: rudi baada ya kiangazi kimoja uhesabu iliyo hai. Basari: uliza kama inalipa kidato kimoja au safari nzima. Sodo: uliza ni za muhula mmoja au za mwaka. Haya hayahitaji maelezo marefu.

Hatua ya 4: Soma maoni kama ushahidi, si kama kura

Kosa la kawaida ni kuhesabu: "watu 300 wamesifu, 40 wamelalamika, basi wananchi wameridhika". Maoni hayana uzito sawa. Chukua daftari na uyapange kwa kuuliza aliyeandika anasimama wapi. Kuna mfanyakazi na aliyefutwa kazi, kuna mkulima anayeuza kwa kampuni na jirani anayevuta moshi wake. Kuna anayetafuta kazi pale, na kuna anayeishi mbali kabisa ambaye hasira yake ni ya kisiasa.

Baada ya hapo tafuta maoni yenye kitu cha kukagua. "Hawa ni wezi" halikaguliki. "Miwa ya mwaka jana Novemba hatujalipwa" linakaguliwa: kuna risiti ya mizani, kuna tarehe. Huku magharibi, kauli ya pili ndiyo unayopaswa kuikimbilia, na ina historia. Kampuni ya sukari ya Mumias ilikuwa kiungo cha mji mzima, na mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mdai, huku wakulima wakidai malipo yao. Aliyepitia hayo hatapimia kiwanda chochote kwa madawati. Atapima kwa siku ambazo miwa yake ilikaa bila malipo, na ana haki.

Lakini usidhani wanaoathirika husema kitu kimoja. Webuye iliishi miaka mingi na harufu ya kiwanda cha karatasi na maji machafu kwenye mto Nzoia. Kiwanda kiliposimama mwaka 2009, wengi waliokuwa wakilalamikia harufu walilia ajira, na mpaka leo ukitaja jina lake mtandaoni utapata kumbukumbu tamu na chungu kwa mtu yuleyule. Andika zote mbili. Msomaji wa Webuye atakushika uongo ukimwachia moja tu.

Zingatia lugha pia. Kwenye makundi ya Kisumu, sifa nyingi huandikwa kwa Kiingereza safi, na malalamiko yenye majina ya vijiji na ya mifereji huja kwa Dholuo. Kama husomi Dholuo, Kiluhya au Kikalenjin, tafuta mtu akusomee kabla hujatoa hitimisho.

Na kuna sauti za kukodi. Utafiti wa Mozilla Foundation wa mwaka 2021 ulieleza biashara ya Kenya ya kulipa watu wavumishe mada kwenye Twitter, wengine kwa dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Utafiti ule ulihusu siasa, lakini vidole ni vilevile. Ukiona akaunti kumi zimesifu mradi wa Kondele kwa sentensi inayofanana, saa ileile, na hakuna hata moja iliyowahi kuandika neno kuhusu Kisumu, ziweke kando. Fanya vivyo hivyo zikishambulia. Washindani wa biashara nao wana bajeti.

Hatua ya 5: Uliza kwa maandishi

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na zilizo kwa mtu mwingine zikihitajika kulinda haki. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ndiyo inayoeleza utaratibu: ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Huna haja ya kueleza sababu. Na sheria haizigusi ofisi za umma tu. Inaigusa pia kampuni binafsi inayopokea fedha za umma, inayotoa huduma ya umma, yenye mkataba wa pekee wa kuvuna maliasili, au iliyoshika taarifa nyeti kwa umma kuhusu mazingira na afya.

Barua fupi inatosha:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya makubaliano kati ya ofisi yenu na kampuni iliyochimba kisima katika shule tajwa, matokeo ya maabara ya maji hayo, na cheo cha afisa anayesimamia matengenezo. Nitashukuru nikijibiwa kwa barua pepe."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikunyima au wakinyamaza, una siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, maarufu kama Ombudsman, yenye ofisi Kisumu.

Kwa mambo ya moshi na maji machafu, nenda ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, uombe ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira na ukaguzi wa kila mwaka. Kwa kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, soma ripoti ya mwaka. Soko lilitoa mwongozo wa kuripoti masuala ya mazingira, jamii na utawala mwaka 2021. Linganisha kurasa za hisani na kurasa za kesi na madeni. Na ukikuta kampuni inajigamba kwamba ina cheti cha ISO 26000, tabasamu: hicho ni kiwango cha maelekezo cha mwaka 2010 kuhusu wajibu kwa jamii, na hakitolewi cheti.

Hatua ya 6: Jilinde, na uwalinde wengine

Februari 2017 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kosa la jinai la kashfa lililokuwa kwenye kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu linakiuka Katiba. Kesi ya madai ya fidia bado ipo, na kampuni zina mawakili. Kwa hiyo andika ulichokiona na ulichonacho kwenye karatasi. "Gata zimeishia katikati" ni salama kuliko "walikula pesa za gata".

Nyuso za watoto usizirushe. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria haikusamehe wewe kwa sababu una nia njema, wala haiisamehe kampuni na ile picha ya hundi. Ukitaka kuonyesha tenki, piga tenki.

Mfanyakazi akikutumia ujumbe, usirushe picha ya skrini ya maneno yake, hata ukifuta jina. Mtindo wa uandishi, saa na hata kona ya sare humtaja. Yaandike upya kwa maneno yako na umsomee kwanza.

Hatua ya 7: Andika, ipe kampuni nafasi, kisha chapisha

Itumie kampuni maswali yako, si rasimu, na uipe siku tatu au nne za kazi. Jibu lao liweke lote kama ni fupi. Wakikataa, sema wamekataa, na siku uliyowauliza.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: dai kama lilivyotangazwa, kilichopo leo, fedha ni za mfuko upi, kampuni inadaiwa nini na nani, kisha jibu lake. Mstari wa deni usiuzike chini. Mfano:

"Tangazo la Machi lilisema kisima kinahudumia wakazi 5,000. Jumanne tulikuta pampu inafanya kazi na foleni ya madumu thelathini. Cheti cha floraidi hakikuwepo shuleni. Tumekiomba kwa barua. Mradi umelipiwa na wakfu wa kampuni. Wakulima wawili walituonyesha risiti za mizani ambazo hazijalipwa. Kampuni imesema itazilipa mwezi huu."

Hapo msomaji anayeshukuru na anayedai wote wana pa kushika, na wewe kama admini una kitu cha kuwarejesha wakianza kutukanana.

Baada ya kuchapisha utaalikwa. Afisa uhusiano atapiga simu kwa sauti ya asali, kutakuwa na ziara ya kiwanda, chakula cha mchana na bahasha ya "nauli". Ziara nenda, maana mitambo ya maji taka haionekani vizuri ukiwa nje ya ua. Chakula ni uamuzi wako. Bahasha irudishe hapohapo mbele ya watu, na mwisho wa chapisho litakalofuata andika aliyelipia safari yako. Cheti cha floraidi kikifika, kiongeze kwenye chapisho la kwanza chenye tarehe, na usifute yale uliyoandika kabla yake.